Plagi Iliyolegea

"Usiichomoe, Mama!"

Radi ilikuwa imeanza kunguruma upande wa msitu, na Mama, kama kila alasiri ya mvua hapa Kakamega, alikuwa ameshafunika kioo kwa leso na kuchomoa redio na friji. Sasa mkono wake ulikuwa unakuja kwenye plagi ya kompyuta.

Nilikuwa nimeikandamiza kwa kidole gumba. Soketi imelegea, na betri ya hiyo kompyuta ilikufa zamani.

"Wewe Jael, unataka radi ikupige?"

"Naigawanya diski ya kompyuta, iwe na mifumo miwili, Windows na Linux. Ikizimika kabla haijamaliza, kila kitu kitapotea."

"Na kipotee!"

"Nyimbo za kaka ziko humu, Mama. Sikuziweka kwingine."

Akaurudisha mkono. Tangu tumzike kaka, hatuna sauti yake mahali pengine popote. Kwenye skrini, mstari wa bluu ulikuwa umefika nusu, na haukuwa ukisogea.

Umeme ukamulika ukuta mzima. Plagi ilikuwa ya moto chini ya kidole changu.

Mama akapiga magoti, akaweka kidole chake juu ya changu, akakisukuma kando, akaikandamiza plagi yeye.

"Nenda jikoni," akasema. "Ufunge mlango."