Makubazi ya Bi Sikudhani

Katika mji ule, vita viliamuliwa kwa viatu. Anayetaka vita alivua vyake akavielekeza mtoni. Asiyetaka alivielekeza nyumbani kwake. Ng'ambo ya mto, mtawala alikuwa amejaza maghala moshi wa sumu, na asubuhi ile viatu vilivyoelekea mtoni na vilivyoelekea nyumbani vilikuwa sawa kwa idadi. Alibaki Bi Sikudhani, ambaye binti yake, Riziki, aliolewa huko ng'ambo.

“Tuyalipue maghala kabla hawajatupulizia,” alisema Jumbe Makame.

“Ukiyalipua, Jumbe, huo moshi utachagua wa kumuua?” kinyozi Shamte alimdhihaki.

“Na wakitangulia wao, utawanyoa?” Jumbe akamjibu.

Watu walicheka. Mara kitu cheupe kikapanda kutoka mtoni, na wote wakaziba pua. Kumbe ulikuwa ukungu tu, unanukia matope.

“Mama, tunakungoja wewe,” Jumbe alisema taratibu.

Bi Sikudhani alivua makubazi yake, lakini hakuyaweka chini. Aliyashika mkononi akateremka pekupeku hadi majini, na ukungu ukamfunika. Watu walimsikia akiita, “Riziki! Riziki!” huku wakipatazama mahali pa makubazi yake, mchanga mtupu.