Pua Iliyozoea Mbuta

Mchezo wa magari ulikuwa ukikwamakwama kwenye kompyuta ya mama mmoja muuza samaki kutoka Sori. Kadi mpya ya picha, ile inayochora mchezo kwenye skrini, ilizidi mfuko wake, kwa hiyo fundi Cephas wa Migori akamwekea mbili za mtumba mezani achague.

Mama aliinua ya kwanza kama anavyokagua samaki wa mbuta sokoni, akainusa.

"Hii imeungua."

Akanusa ya pili. "Hata hii."

Cephas alicheka. Kisha akainusa ile ya pili mwenyewe, akapata vumbi tu. Akasogeza pua mpaka kwenye chipu, kipande cheusi cha katikati ya kadi, na harufu ya kuungua ikamjia kwa mbali.

Cheko likamwisha. Akazima kompyuta yake mwenyewe ya kuchezea michezo, akachukua bisibisi, akaichomoa kadi yake.

"Nusa na hii, mama."