Hukumu ya Vidonge

Shangazi Mwanakuu aliitupa pakiti ya vidonge mkekani, mbele ya Maalim Zakariya.

"Hivyo ndivyo anavyomeza mwalimu wa watoto wetu," akasema. "Vya wazimu."

Yumna hakuinamisha kichwa. Alikuwa akisomesha wasichana katika madrasa ya Maalim, hapo hapo mtaani Kuze, na darasa hilo ndilo lililomtoa kitandani kila siku. Mwaka uliopita hakulala wala kula. Hata kuchana nywele kulimshinda. Ndipo rafikiye akampeleka kwa daktari, mtaa wa Tudor. Sasa shangazi alitaka aache vidonge au aache darasa, kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama.

Shangazi akayamwaga yote. Eti nyumba yao haikumnyima kitu. Eti huzuni ni maradhi ya asiyejua kushukuru. Alimletea hata kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa marashi, na Yumna akalinywa lote, kisha akateremshia kidonge juu yake.

"Kombe nililinywa kwa imani," Yumna akasema. "Na kidonge nakimeza kwa Bismillahi. Nikiamka nina nguvu ya kushika kitana, nasema Alhamdulillahi. Nishukuru vipi tena, shangazi?"

"Ungeshukuru usingeumwa."

"Na presha yako, mbona huitibu kwa shukrani?"

Shangazi akasonya. Akamgeukia Maalim, akamtaka akate shauri, maana Kuze nzima hakuna aliyepinga neno lake. Yumna naye akamtazama mzee usoni. Darasa ni lake, akamwambia, akitaka alichukue. Vidonge haachi.

Maalim akamwomba Mwanakuu, kwa adabu, akawatilie kahawa. Shangazi akaondoka kwa maringo, kama aliyekwisha kushinda.

Mlio wa makubadhi yake ulipofika jikoni, mzee akaiokota pakiti, akaisogeza karibu na macho, akalisoma jina lake polepole. Yumna akaukaza mtandio wake, akingoja kufukuzwa.

Maalim akatia mkono mfukoni mwa kanzu. Akatoa pakiti kama ile ile, iliyobaki nusu, akaziweka mbili hizo bega kwa bega mkekani.

"Wewe daktari wako amekuruhusu kufunga, mwanangu?" akanong'ona, jicho likiwa jikoni. "Mimi wangu amenikataza tangu mwaka juzi."