Huyu Ana Mtu Wake

Gari la wageni lilipofunga breki kwenye kona, Nurys aliacha kumpiga farasi wake Canela brashi, akamkazia utepe wa zambarau kwenye singa za shingo. Dirishani alikuwa ameona kichwa cha mtoto wa kike, mweusi, katikati ya wazazi wawili weupe.

"Mungu wangu, washuke hapa," alisema kimoyomoyo.

Maana hawakulazimika. Barabara ya kwenda maporomoko ya maji imejaa mazizi ya farasi wa kukodi, na baba wa familia alikuwa ameshasimama katikati ya njia, anapima huku na huku kama mtu anayenunua shamba. Zizi la ng'ambo lilitoa wali na kuku baada ya safari. Zizi la akina Nurys lilikuwa na kofia ngumu za kuvaa kichwani.

"Hapa penye kofia," mama mtu aliamua. "Wali tutaula hotelini."

Waongozaji wakajipanga, kila mmoja na mnyama wake. Pale mgeni akichagua farasi, amemchagua na wa kumwongoza, atakayetembea kwa miguu matopeni ameshika hatamu mpaka majini na kurudi. Chelo, ambaye kwa kugombea wageni hana mshindani, alimrudisha nyumbu wake nyuma bila kuambiwa.

"Pisheni," Fefa aliwanong'oneza wengine. "Huyo ni wa Nurys."

Mtoto aliwatazama mmoja mmoja, kisha akacheka, na pengo la meno ya mbele likaonekana. Yaniris, binti wa Nurys, alikuwa na pengo hilohilo siku waliyomchukua.

Mtoto alisema neno kwa Kifaransa, akamnyooshea Canela kidole.

Walimchukua Yaniris baada ya kimbunga, kile kilichoondoka na nyumba ya Nurys na paa zima la kanisa. Nurys alikuwa amelala sakafuni kwa watawa, homa imemshika, hana hata kikombe cha kumnyweshea mtoto maji. Ni Wafaransa wema, mtawa alimwambia, kwao atakula, atasoma. "Na akikua atakuja likizo, Nurys. Nani anakuja kisiwani asipande farasi?" Siku alipopata nguvu za kusimama, Nurys alikwenda moja kwa moja mazizini kuomba kazi, na utepe aliokuwa akimfunga Yaniris nywele akamfunga farasi.

Sasa alitembea ubavuni mwa Canela, viatu vya mpira vikinyonywa na matope, roho mkononi. Kilichomtesa ni ile kofia. Ilikuwa imefunika masikio. Yaniris ana ndewe iliyochanika, ya kushoto, kwa sababu hereni yake ilinasa kwenye seng'enge akikimbiza kuku. Sura ya mtoto inaweza kubadilika, lakini ndewe haijishoni.

Walipita kanisani, mabati yake yaliyoezekwa baada ya kimbunga yote yameshaota kutu. Mtoto alikuwa anaimba. Nurys alisubiri wazazi watangulie kidogo, akaita kwa sauti ndogo, "Yani."

Mtoto akageuka, akatabasamu.

Tangu hapo Nurys hakusikia tena matope wala jua. Alimwonyesha miti ya kakao, akamchumia ua, akawa anacheka peke yake kama mwehu. Alishaanza hata kupanga maneno ya kumwambia yule mama wa Kifaransa, asimtishe.

Kwenye maporomoko, mama mtu ndiye aliyeifungua kofia. Nurys alisogea kama anayekaza kamba ya tandiko. Masikio yote mawili yalikuwa mazima, kila moja na kihereni chake cha dhahabu.

Safari ya kurudi aliyasikia matope yote.

"Siye?" Fefa alimuuliza wageni walipoondoka.

"Siye."

"Basi keti unywe kahawa, shoga. Mvumilivu hula mbivu."

"Mbivu zangu zinaozea mtini, Fefa."

Hata hivyo hakuketi. Alikuwa ameshachukua brashi.

Alasiri gari jingine likasimama. Alishuka abiria mmoja tu, mwanamke kijana, mweusi, mrefu, amevaa buti mpya za kupandia. Hakutazama zizi la ng'ambo wala hakuuliza bei. Alikwenda mpaka kwa Canela, akaushika ule utepe, akawa hauachii.

"Huyu," alisema kwa Kihispania cha kuokoteza. "Mimi nataka huyu."

Nurys alikuwa anachungulia nyuma yake, ndani ya gari, kiti kwa kiti. Hakukuwa na mtoto.

"Samahani, bibie," alisema, akiutoa utepe taratibu kwenye vidole vya mgeni. "Huyu ana mtu wake."

Mgeni alianza kuuliza jambo, akawa anatafuta neno la Kihispania.

"Njoo kwangu, dada," Chelo alidakia. "Nyumbu wangu hana mtu, hata mimi mwenyewe sina."

Mgeni alicheka kidogo, akamfuata, akapewa kofia. Nurys alikuwa ameshawapa mgongo, macho yake barabarani. Mgeni alizikusanya nywele nyuma ili aivae kofia, na ndewe ya sikio lake la kushoto ilikuwa imechanika, kovu la zamani.