Ncha Mbili za Kitenge

"Jina la mgonjwa?" aliuliza mkunga Annet, kalamu tayari juu ya kadi.

Moris, aliyemleta mwanamke huyo kwa pikipiki kutoka Ludara, alitazama vidole vya miguu yake. "Umuulize yeye mwenyewe, sista."

Annet, mzaliwa wa Logiri, upande wa Arua, alikuwa amezalisha wanawake Koboko kwa miaka kumi na mmoja, na alidhani ameshaona kila aina ya mume. Wa kuzimia alimwona. Wa kusali kwa sauti mpaka wodi nzima ikaitikia amina, naye alimwona. Lakini wa kushindwa kutaja jina la mkewe, huyu alikuwa wa kwanza.

"Agnes Keji," ilijibu sauti kutoka ndani ya kitenge kilichofunika uso mzima.

Umri, thelathini na tisa. Mimba ya sita. Annet akamtupia jicho Moris, ambaye ndevu zake bado zilikuwa zinaomba ruhusa ya kuota, akajisemea kwamba mama huyu amejichagulia wa kumfaa uzeeni. Kwenye mstari wa mume akaandika: Moris.

"Sista, mimi si..."

"Wewe si daktari, najua. Kaa hapo."

Ilipofika saa tano asubuhi, uchungu ulikuwa umelegea. Mtoto amekaa vizuri, moyo wake unapiga vizuri, ila hashuki. Annet hakupenda. Uzazi uliopita Keji alivuja damu nusura aende. Uchungu ukizidi kusinzia, itabidi apelekwe Arua kupasuliwa, na gari la wagonjwa lilikuwa limeshaondoka na mwingine. Dawa iliyobaki ilikuwa ya bibi zetu: mama atembee, na awepo mtu wa kumshika kiuno. Annet mwenyewe alikuwa na wanawake watatu wa kuzalisha na mikono miwili.

"Baba mtoto, njoo umtembeze."

Moris alikuwa nyuma ya nguzo ya baraza. Nusu yake ilionekana, ile nusu isiyo na uso.

Annet akamsimulia jinsi mume wake mwenyewe, siku ya mtoto wao wa kwanza, alivyokwenda Onduparaka kutazama mpira, akarudi na matokeo ya mechi kabla hajauliza matokeo ya wodini. Tangu siku hiyo aliapa kwamba hakuna mwanamume atakayetoroka zamu yake na yeye anatazama.

"Mimba hukuiogopa," alimalizia. "Kiuno ndicho unachokiogopa?"

Wanawake waliokaa mkekani wakacheka. Keji naye alitikisika ndani ya kitenge chake. Haikujulikana kama ni uchungu, kicheko au aibu.

Simu ya Moris ikalia. Akasimama wima, visigino pamoja, akajibu kwa Kiswahili cha kambini. "Ndiyo, afande. Iko salama, afande. Mimi iko hapa naye. Hapana, afande, mimi hapana angalia."

Annet alimhurumia kidogo. Kumbe na bosi mkali anaye.

Mwishowe Moris alitoa kitenge cha pili begini, akashika ncha moja, ncha nyingine akamrushia Keji, kisha akageuza shingo. Wakaanza kuizunguka baraza, yeye mbele, Keji nyuma, kitenge kimetanuka katikati yao, kama ng'ombe wa jembe moja walionuniana. Waliokuja kuchukua dawa wakasahau dawa. Annet aliuliza kama wamegombana. Wao wakaendelea kuzunguka.

"Nuneni," alisema, "lakini tembeeni."

Mzunguko wa tisa, uchungu ulirudi na nguvu zake zote. Kitenge kikalegea. Keji akapiga goti, akaanza kuanguka, tumbo lile likiielekea saruji. Annet alikuwa mbali, glavu mkononi.

Moris alitazama mlango. Alitazama mbingu. Akafumba macho, akaruka, akamdaka kwa mikono yote miwili. Alimbeba vilevile, macho yamefumbwa, jasho linamchuruzika, akigonga kila kitu kilichokuwa njiani mpaka kitandani.

"Nisamehe, mama," alikuwa akinong'ona. "Nisamehe, nisamehe."

"Msamaha utaomba baadaye," Annet alisema. "Shika mgongo huo."

Akaushika, uso ameugeuzia ukutani. Baada ya dakika ishirini mtoto alitoka: wa kiume, kilo tatu na nusu, analia kama mzee aliyeamshwa bila sababu. Damu ilitoka kiasi, ikakoma. Ndipo Annet alipopumua.

Kilichobaki ni uji. Keji alikuwa anatetemeka kwa njaa, kikombe kinafuka mvuke mkononi mwake, lakini hakukipeleka mdomoni. Annet alimbembeleza, akamkaripia, wapi. Pembeni alisimama Moris, bado anausoma ukuta. Annet alikuwa amemkataza kutoka mpaka ampakate mtoto.

Hapo akaingia msichana aliyefika kwa gari la abiria kutoka Arua, vumbi mpaka kwenye kope, beseni mkononi, na tumbo lake mwenyewe la miezi saba. Alikwenda moja kwa moja kwa Moris, akamfuta jasho la shingoni kwa kiganja.

"Poni," Moris alisema, kama mtu aliyefunguliwa pingu.

Annet alitazama tumbo lile. Akamtazama Moris. Akamtazama Keji, ambaye hata hakuonyesha wivu. Wawili, tena kwa mpigo mmoja.

"Wewe kijana," alianza, "aibu huna?"

Poni hakusikia. Alikuwa ameshamchukua mtoto, amemweka mikononi mwa Moris, na sasa anawasukuma wote wawili mlangoni.

"Nenda barazani ukasalimiane na huyu shemeji yako, na umpigie baba, afande wako," alimwambia mumewe. "Mama yangu hawezi kunywa uji mbele ya mkwe wake."