Cheti cha Kutolia

Kibwana hakuwa na mke, hakuwa na meno ya mbele, na hakuwa na machozi. Siku walipomzika mama yao macho yake yalibaki makavu, na tangu hapo dada yake Mwanaidi hasemi naye.

"Tezi za kope zimevimba, mzee," daktari alisema, akimpa matone ya steroidi ya kupunguza uvimbe. "Ndiyo maana macho yamekauka."

"Basi niandikie cheti, nimpelekee dada."

"Cheti cha kutolia?" Daktari alicheka, akaandika.

Nyumbani Kibwana alikitia cheti kwenye bahasha, kisha akakitoa. Akaandika mwenyewe: "Dada, macho ni mabovu kweli, lakini siku ile sikusikia uchungu. Hata leo bado." Akatia matone machoni, akailamba bahasha, akaifunga.

Njiani dawa ilimtiririka mashavuni. Mwanamke mmoja akamwambia, "Pole, baba."

"Nimeshapoa," aliitikia, akaitumbukiza barua kwenye sanduku la posta.