Ramani ya Pango la Nyati

Wanyama walipoanza kushika simu, Nyati alikuwa na pango, na kila aliyepiga hodi alikaribishwa. Nungunungu aliingia kila asubuhi, kwa kuwa mkewe alizikwa humo.

Siku moja Mbega, mpenda sifa, alilipiga picha lile kaburi lililopambwa kwa miiba ya marehemu, akairusha mtandaoni pamoja na ramani.

"Picha iache, ndugu yangu," Nungunungu akamsihi. "Futa ramani."

"Acha uchoyo, mzee! Kizuri kula na mwenzio."

Kesho yake wakamiminika fisi, ngedere na sungura, bila hodi. Walivunja mawe yaliyoning'inia, wakalikanyaga kaburi, na sungura mmoja akatumbukia shimoni akafa.

Nyati akaliziba pango kwa jabali. "Nisamehe, Nungunungu. Nikikufungulia wewe, nitamkatalia nani?"

Nungunungu akamwendea Mbega. "Basi nionyeshe ile picha, nilione kaburi lake."

Mbega akainama. "Sungura alipokufa niliogopa, mzee, nikaifuta. Imebaki ramani tu, nayo wanayo wote."